Mbona kanisani anabanwa aliyeumizwa, na aliyeumiza anaachwa atulie? (uzi mrefu kidogo)

MletaUzi (Malindi)

Wapendwa, hili jambo limenikaa rohoni muda sana na leo nalitoa lote, mnivumilie.

Huku kwetu kila nikienda matanga, iwe Ganda, Kakuyuni ama Marafa, naona kitu kile kile. Familia imegawanyika, ndugu hawasalimiani miaka, na ukiuliza utaambiwa ni shamba, ama kuna mzee alisingiziwa uchawi na watoto wake mwenyewe. Sa siku ya mazishi mchungaji anashika maiki anawaita wale ndugu mbele ya jeneza, shikaneni mikono, sameheaneni, Mungu hakusikii ukiwa na kinyongo. Watu wanapiga vigelegele. Yule aliyedhulumiwa analia anatoa mkono manake kijiji kizima kinamwangalia yeye. Jioni watu washakula pilau washatawanyika, shamba bado liko kwa yule yule, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza "wewe utarudisha lini?"

Naomba kusema wazi kwamba hiyo siyo kupatana, na tunawaumiza watu mara ya pili kwa jina la Bwana.

Fungua Mathayo 5:23-24. "Basi ukileta sadaka yako madhabahuni, na huku ukikumbuka ya kuwa ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka yako mbele ya madhabahu, uende zako, upatane kwanza na ndugu yako, kisha urudi uitoe sadaka yako." Hebu angalia nani anatolewa ibadani hapo. Ni yule ambaye ndugu yake ana neno juu yake, yani mkosaji. Na kumbuka Yesu anayasema haya Galilaya, madhabahu iko Yerusalemu, ni safari ya miguu ya siku kadhaa, kwa hivyo kuacha mnyama wako pale urudi kwenu ukapatane alafu ufunge safari tena, hiyo ni gharama na kila aliyekuwa anamsikiliza aliielewa. Sisi tumepindua. Mwenye kosa anatoa sadaka nono, anachangia mabati, anapewa kiti cha mbele, mwenye kidonda ndo anaitwa kando aambiwe ana roho ya uchungu.

Na haikuanza kwa Yesu. Walawi 6 inasema mtu akimdhulumu jirani yake arudishe kile kitu chote na aongeze sehemu ya tano juu yake, ampe mwenyewe siku ile ile anayoleta sadaka ya hatia. Mwenyewe, sio kuhani. Alafu kuja kwa Zakayo Luka 19, yule alisimama akasema nusu ya mali nawapa maskini na niliyemnyang'anya namrudishia mara nne, na baada ya hayo maneno ndo unasikia "leo wokovu umefika nyumbani humu". Sijawahi sikia mahubiri ya Zakayo huku yakifika hiyo mara nne, wengi wanaishia kwa mkuyu na ufupi wake.

Karibuni mchangie, hata mnaopinga.

BintiMaweni

Nimesoma lakini nina swali kwako mleta uzi. Yesu msalabani alisema "Baba, uwasamehe, kwa kuwa hawajui watendalo", na wale askari hawakuwa wametubu wala kurudisha chochote, tena walikuwa wanagawana nguo zake. Ukianza kuweka masharti ya sehemu ya tano na mara nne si watu watakaa na kinyongo mpaka wafe wakingoja kulipwa? Mi naona unafungua mlango wa watu kukataa kusamehe. Mathayo 18 iko wazi, samehe saba mara sabini.

MletaUzi (Malindi)

Dada asante, umeuliza vizuri na ntajibu kwa kirefu.

Kusamehe mimi siwekei sharti. Kuachilia kisasi, kuacha kumwombea mtu afe, kumkabidhi Mungu, hiyo nimeamriwa na ntafanya hata kama yule mtu yuko kaburini. Lakini kusamehe kunaweza kufanywa na mtu mmoja chumbani kwake, na kupatana kunataka watu wawili, na huyo wa pili ana kazi yake. Paulo mwenyewe Warumi 12:18 anasema "kama yamkini, kwa upande wenu, mkae katika amani na watu wote". Kama yamkini. Kwa upande wenu. Alijua kuna upande wa pili ambao huushiki.

Muangalie huyo huyo Paulo mwisho wa maisha yake, 2 Timotheo 4, kwa sura moja tu. Kuna Marko, ambaye alimwacha njiani Pamfilia, mpaka Paulo na Barnaba wakagombana sana juu yake wakaachana safari, iko Matendo 15. Miaka inapita, sasa Paulo yuko gerezani anaandika "umtwae Marko, umlete pamoja nawe, maana anifaa kwa utumishi". Uhusiano umerudi kabisa. Teremka mistari michache tu, kuna Iskanda mfua shaba aliyemfanyia ubaya mwingi, Paulo anasema Bwana atamlipa, alafu anamwambia Timotheo "nawe ujihadhari na huyo". Hakusema mkumbatieni. Mtume mmoja, barua moja, watu wawili, mmoja aletwe na mwingine mjihadhari naye. Sa mbona mchungaji wetu analazimisha kila mtu awe Marko?

Na kwa hiyo Mathayo 18 hebu tuhesabu. Mtumwa wa kwanza kwa ule mfano, yule aliyesamehewa deni na mfalme alafu akaenda kumkaba mwenzake, anadaiwa talanta 10,000. Talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000, na dinari moja ni mshahara wa kibarua siku nzima, utaipata Mathayo 20. Kwa hivyo ni siku milioni 60 za kazi, hailipiki hata na ukoo mzima. Yule mwenzake alikuwa anadaiwa dinari 100. Wahubiri hupenda kusema "vijisenti tu". Siku 100 za kibarua! Tuseme wewe ni mtu wa mjengo unalipwa 600 kwa siku, hiyo ni elfu 60. Nani Malindi hii anaita elfu 60 vijisenti? Yesu hakudharau deni la yule mtu, alijua ni karo ya mtoto hiyo. Alichosema ni kwamba ukilipima na ulilosamehewa wewe na Mungu, haliwezi kukupa ruhusa ya kumkaba mwenzako koo. Hapo napiga magoti nakubali. Lakini nimeona viongozi wanatumia huu mfano kumwambia mtu "hukuumizwa sana", na Yesu hakusema hivo popote.

Alafu, na hii watu huruka, mistari kidogo tu kabla ya saba mara sabini kuna 18:15-17. Ndugu akikukosea nenda mkaongee wawili tu. Akikataa chukua mmoja au wawili. Akikataa, liambie kanisa. Akikataa hata kanisa, na awe kwako kama mtu wa mataifa na mtoza ushuru. Mkosaji anafuatwa mara tatu, anasemeshwa, anaonywa. Nionyesheni kanisa moja huku ambalo limemfuata mzee wa kanisa mara tatu kwa sababu alimdhulumu dadake shamba.

FundiWaShella

Assalaam aleykum jamani, mimi si wa dini yenu ila nasoma na hili limenigusa, majirani zangu wengi ni Wakristo. Kwetu pia toba ya mtu aliyedhulumu mtu haikamiliki mpaka arudishe haki ya watu ama mwenyewe amsamehe. Kosa baina yako na Mungu ni jambo moja, haki ya mja ni jambo jengine, na ukifa nayo utaulizwa. Ndo maana ukiona mtu mzima anazunguka nyumba kwa nyumba anaomba radhi kabla ya kwenda Hija usishangae. Naona mleta uzi anasema karibu hayo hayo.

MletaUzi (Malindi)

Waaleykum salaam ndugu yangu, asante kuchangia. Ndio, tunakutana hapo. Na kwa Wakatoliki walioko humu, Katekisimu namba 1459 inafundisha hivyo hivyo, kwamba ondoleo linafuta dhambi lakini halitengenezi kila kilichoharibika, kwa hivyo mtu arudishe alichoiba, asafishe jina la aliyemsingizia, afidie majeraha. Yani hata ukitoka kitubioni umesamehewa, bado una safari ya kwenda kwa jirani.

Ntawapa kisa kimoja, sitataja mtu wala kanisa. Kuna mama alimuuguza mamake mpaka akafa. Alipomaliza matanga akakuta kakake ashauza upande wa shamba wenye minazi na mikorosho, karatasi ziko tayari, na huyo kaka ni kiongozi kanisani. Yule mama hakwenda kwa askari. Alikwenda kwa viongozi wa kanisa lake. Wakamwita yeye, kikao baada ya kikao, samehe mama, wewe ni mwanakwaya unaimba na moyo mchafu. Alipokataa kushikana mkono mbele ya watu akatolewa kwaya. Kaka aliendelea kusoma masomo Jumapili kama kawaida. Mama akaacha kuja kanisani na wanawe wakaacha, na watu wakasema shetani amemshinda.

Kilichobadilisha ni mzee mmoja, katekista mstaafu, ambaye alikataa kabisa kwenda kwa yule mama. Alisema mimi huko sina la kusema, mimi naenda kwa mwanamume. Akaenda. Akafukuzwa. Akaenda tena na mzee mwenzake wakakaa uani hawataki chai, wanataka jibu. Ilichukua muda mrefu mpaka yule kaka akakubali kwanza kwamba aliuza kisichokuwa chake peke yake, akasema kwa mdomo wake mbele ya watoto wa dadake, akampa kipande alichobaki nacho na akawa anamlipa kidogo kidogo kwa kile kilichouzwa. Hawajawa marafiki wakubwa, nisiwadanganye. Lakini binti ya yule mama alipoolewa, mjomba ndiye alisimama, na hakuna aliyelazimishwa.

Kaka_wa_Gede

Hii imenifikia. Swali langu, utajuaje mtu ametubu kweli? Huku watu wanajua kulia, machozi ya Ijumaa Kuu ni mengi na Jumatatu ya Pasaka mtu yuko pale pale.

MletaUzi (Malindi)

Kaka, msome Yusufu vizuri, Mwanzo 37 mpaka 50, naona ni shule nzima ya hili jambo.

Aliuzwa na ndugu zake akiwa na miaka 17 kwa vipande 20 vya fedha, na aliyetoa wazo la kumuuza ni Yuda, 37:26-27. Walipokuja Misri kutafuta chakula Yusufu ashakuwa mkubwa wa nchi, ukihesabu ni kama miaka 22 imepita. Aliwatambua mara moja, wao hawakumtambua. Na hakujitambulisha! Aliingia chumbani akalia alafu akanawa uso akatoka. Chakula aliwapa, hata pesa zao akawarudishia magunini, kwa hivyo kisasi hakikuwepo. Lakini hakuwafungulia moyo wake mpaka aone wamekuwa watu gani. Ndo akaweka kikombe kwenye gunia la Benyamini, mtoto mwengine wa Raheli mamake Yusufu, kipenzi kipya cha baba yao. Ni kama anawarudisha mahali pale pale walipoanguka, mnaweza kumwacha huyu mtumwani muende zenu, mtafanya nini? Na ni Yuda, yule yule aliyeuza, anasimama anasema nichukue mimi niwe mtumwa badala ya kijana, nitarudije kwa babangu bila yeye. Hapo hapo Yusufu akashindwa kujizuia, akalia kwa sauti mpaka nyumba ya Farao ikasikia, "mimi ni Yusufu".

Hakupima machozi. Alingoja waone nafasi ile ile ya kudhulumu na aone watafanya nini nayo. Kwa hivyo mlevi aliyekuwa akimpiga mkewe, asituletee ushuhuda madhabahuni wiki ya pili alafu tumwambie mke rudi nyumbani leo. Akae, aonekane, mshahara ukiingia tuone unaenda wapi.

Na kuna kitu kinaniumiza mwisho wa ile hadithi. Yakobo baba yao aliishi Misri miaka 17 baada ya hapo. Alipokufa wale ndugu wakaingiwa na hofu tena, wakadhani sasa Yusufu atalipiza, 50:15. Miaka 17 wanakula mezani kwake na bado hawaamini walisamehewa! Yusufu akalia tena. Sasa wewe unataka kurudisha uaminifu kwa dakika tano mbele ya jeneza.

MamaWatatu_KisumuNdogo

Mimi nauliza lile ambalo kila mtu anaogopa kuuliza. Na Shakahola, ule msitu ambao mhubiri aliwaambia wafuasi wake wafunge mpaka wafe? Kuna familia hapa jirani walipoteza watu, na kuna waliotoka msituni wakiwa hai na ndio walikuwa wamewapeleka wenzao. Watu wanatuambia tusamehe tusonge mbele. Nasonga mbele vipi?

MletaUzi (Malindi)

Mama pole, pole sana. Sisi tuliokuwa hapa 2023 tuliona magari yakija na miili kutoka msituni, zaidi ya 400, wengi watoto. Sitakuambia songa mbele.

Nitasema mawili tu. La kwanza, kumsamehe mtu hakuondoi mahakama. Papa Yohane Paulo wa Pili alipigwa risasi tarehe 13 Mei 1981 pale Vatikani, siku nne baadaye akiwa hospitali akatangaza amemsamehe aliyempiga, na Desemba 1983 akaenda gerezani akaketi naye ana kwa ana. Yule mtu aliendelea kufungwa Italia mpaka 2000. Kwa hivyo mtu akikwambia ukiwa Mkristo usitoe ushahidi, anakupotosha, tena wale watoto hawana mwengine wa kuwasemea. Na hakuna mtu aliye na mamlaka ya kusamehe kwa niaba ya marehemu, unasamehe lililo lako tu, likikuja, kwa wakati wake.

La pili ni hao waliotoka hai. Huyo aliyempeleka dadake kule akiwa amedanganywa naye, sasa anaishi na hilo kila usiku. 2 Wakorintho 2 Paulo anawaambia kanisa kuhusu mtu aliyekosa na akaadhibiwa, sasa mtamsamehe na kumfariji "asije akamezwa katika huzuni yake ipitayo kiasi". Kuna watu hapa Malindi wanamezwa. Sidhani familia inalazimika kumpokea nyumbani leo, lakini kanisa linalazimika kumkalisha mahali, kumpa mtu wa kuongea naye, na asitengwe kama mkoma. Hiyo kazi ni yetu sote, tusiwabebeshe wafiwa peke yao.

BintiMaweni

Nimerudi. Nakubali kwa mengi, ila bado naomba usisahau kinyongo ni sumu kweli, mamangu kilimmaliza. Alingoja kuombwa radhi hakuombwa. Waebrania inasema shina la uchungu lisichipuke.

MletaUzi (Malindi)

Nakubali dada, na pole kwa mama. Ndo maana nasema kusamehe usingoje, kufanye leo kwa ajili ya roho yako. Lakini naona uchungu wa mama yako ungepungua sana kama mtu mmoja wa kanisa angekwenda kwa yule aliyemkosea akamwambia wewe inuka, nenda kwa huyu mama kabla hajafa. Hilo ndo ninalililia.

KijanaWaBarani

Samahani nimechelewa. Babangu ndiye mwenye kosa kwetu. Alikataza shangazi kurudi boma baada ya babu kufa, mambo ya uchawi yakasemwa, na ploti akakaa nayo. Sasa ameokoka kikweli, ananiambia anataka kwenda lakini hajui aanzie wapi na anaogopa shangazi atamfukuza.

MletaUzi (Malindi)

Mungu ambariki babako. Mwambie hivi.

Asiende na mchungaji na kamera na watu wa kuimba. Amtume kwanza mtu ambaye shangazi anamwamini amuulize kama yuko tayari kumwona, na akisema bado, basi bado, asimtumie watu wa kumshawishi. Akikubali, aende na mzee mmoja tu. Akifika aseme alichofanya kwa jina lake, "nilikufukuza, nilinyamaza walipokuita mchawi na nilijua ni uongo". Asianze na "kama nilikukosea", na asimtupie marehemu. Lile la uchawi aliseme pia hadharani, kwa baraza ama kijijini, manake lilisemwa hadharani, na mnajua huku kwetu Kilifi jina hilo limewaua wazee wangapi, tena mara nyingi nyuma yake kuna shamba. Jina lake likisafishwa ndo shangazi atalala usingizi.

Ploti aende nayo mkononi. Namaanisha asiende kuahidi, aende kusema hii hapa sehemu yako, tuandikishe. Katiba ya Kenya ya 2010 Ibara ya 159 inakubali watu kupatanishwa nje ya kesi, kwa hivyo wazee na chifu wanaweza kukaa, lakini muandike, mashahidi watie sahihi, na kama ni shamba mpite kwa bodi ya ardhi mtafute na wakili, msiache maneno matupu yaje kuwagombanisha nyinyi watoto. Kama kuna kitu ashauza hawezi kukirudisha, aseme atalipaje. Paulo alimwandikia Filemoni juu ya Onesimo, mtumwa wa huyo Filemoni, "kama amekudhulumu, au unamwia kitu, ukiandike hicho juu yangu", kwa hivyo na wewe kama mwanawe unaweza kubeba kiasi cha lile deni.

Alafu asiombe asamehewe siku hiyo. Aseme ya kwake, aache vitu, ashukuru kwa kusikilizwa, aondoke. Shangazi akimfukuza ana haki. Akitaka mwaka mzima wa kufikiri ni wake.

KijanaWaBarani

Sawa. Shangazi anaamini sana mke wa katekista wa Msabaha, ntamwona huyo kesho. Na hilo la kuomba radhi ya uchawi kwa baraza ntamwambia mzee, hapo ndo patakuwa pagumu.

MletaUzi (Malindi)

Patakuwa pagumu. Akikubali hilo uniandikie faragha, ntakuja nikae naye siku ya baraza.